Mwacha mila ni mtumwa, sawa. Lakini mila hiyo aliiandika nani?

Binti wa Muleba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeubeba moyoni tangu baba afariki.

Siku ya kuanua tanga, ukoo ulikaa kikao sebuleni kwetu. Mama alikuwa jikoni na wenzake wakipika. Alipoitwa ndani hakuitwa kushauriwa, aliitwa kupewa taarifa: kibanja, yaani shamba letu la migomba na makazi, ni cha ukoo, atakaa humo kwa sababu ana watoto, ila hana kauli ya kukiuza wala ya kumwachia binti. Mimi ni mtoto wa kwanza, na ni binti. Nikasimama nikasema hili linapingana na haki za binadamu. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha tatu, akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, hizo haki zililetwa na Wazungu. Mwacha mila ni mtumwa." Wazee wakaitikia. Mama akarudi jikoni.

Baba mdogo si mtu wa kudharau. Ndiyo maana sikutaka kumjibu kwa hasira, nikaanza kusoma. Na nilichokuta kwanza ni kwamba hoja yake wameitoa hata wasomi wakubwa wa hukohuko kwa Wazungu. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipokuwa unaandaa Azimio la Haki za Binadamu, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilitoa waraka wa tahadhari, ulioandaliwa na Melville Herskovits. Ulisema jema na baya hupimwa ndani ya utamaduni wa watu wenyewe, na kwamba azimio likibeba fikra za Ulaya na Marekani peke yake litakuwa njia nyingine ya kuwatawala wengine. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Desemba 1948, Azimio likapitishwa Paris. Nchi 48 zilikubali, 8 zilijizuia, hakuna iliyopinga. Kutoka Afrika walikuwemo Misri, Ethiopia na Liberia waliokubali, na Afrika Kusini ya makaburu iliyojizuia. Basi. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Babu yangu, aliyekuwa tayari na kibanja na watoto, hakuna aliyemuuliza kitu. Hapo baba mdogo ana haki ya kusema alichosema.

Ila kuna jambo dogo la lugha limenikaa kichwani. Rasimu ya Kiingereza ya kifungu cha kwanza ilianza na neno "men", ambalo kwa Kiingereza ni "wanaume" na "watu" kwa pamoja. Aliyekataa ni mwanamke wa India, Hansa Mehta. Alisema likibaki hivyo kuna siku litasomwa kama wanaume tu, akasimamia hadi likabadilishwa. Sisi kwa Kiswahili tunasoma "watu wote wamezaliwa huru" na hatuoni vita hiyo, kwa sababu neno mtu halina jinsia. Lakini kwenye kikao chetu cha ukoo neno hilohilo lilikuwa na jinsia. Watu walikuwa sebuleni.

Ndipo nikauliza swali la pili, ambalo ndilo lililonileta hapa. Kama babu hakuulizwa kuhusu haki, bibi aliulizwa kuhusu mila?

Sheria za kimila za Kihaya tunazotajiwa mahakamani ziliandikwa katika kitabu cha mwaka 1945 na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, pamoja na Hartnoll. Wakapanga vifungu kwa namba, kwa Kiingereza. Jambo lililokuwa linajadiliwa upya kila msiba, likipinda kidogo kufuatana na tabia ya marehemu, idadi ya watoto na busara ya wazee, likageuka kifungu. Baada ya uhuru tukataka kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na Cory huyohuyo akawa mmoja wa watendaji wakuu wa kazi ile. Matokeo yake ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Humo mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza la mirathi, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza wao.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Inaniumiza zaidi kwa kuwa ina upendo ndani yake. Aliyeitamka kwa mara ya kwanza pengine aliamini anamlinda mama yake.

Kwa hiyo swali langu: tunapobishana kati ya mila na haki, je, tunabishana kati ya Afrika na Ulaya kweli? Karibuni.

Mzawa wa Tarime

Dada, pole kwa msiba, na umfikishie mama pole zangu. Nitakupinga, ila kwa heshima.

Mimi ni Mkurya. Nimekulia mahali ambapo kila ukifika msimu wa ukeketaji yanakuja magari yenye nembo ubavuni. Wanashuka watu na kamera, wanawapiga picha wadogo zetu waliokimbilia nyumba salama, wanaondoka. Sitetei ukeketaji. Binti zangu wawili hawakukeketwa na nilipambana na mama yangu mzazi kwa hilo. Lakini najua nilivyojisikia kuona ile picha. Makau Mutua, mwanasheria wa Kenya, aliandika mwaka 2001 kwamba habari ya haki za binadamu husimuliwa na wahusika watatu tu: mshenzi, mhanga na mwokozi. Nilipolisoma hilo nililitambua mara moja. Mshenzi ni baba yangu. Mhanga ni dada yangu. Mwokozi yuko kwenye gari.

Pili, mila zetu hazikuwa gereza la wanawake tu. Kwetu kuna nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mwenye ng'ombe wake, anatoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isife na mali isiondoke. Hakuna mzungu aliyetufundisha hilo. Ukija na kipimo kimoja cha ndoa ulichokibeba kutoka mbali, utaiona ni kioja, wakati wenyewe tunaiona ni nyumba yenye heshima.

Tatu, ardhi ya ukoo. Mnasema kumnyima mtu kuuza ni kumnyima haki. Nimeona kijiji jirani watu walivyouza baada ya kupata hati. Walionunua hawaishi pale. Ukoo ukisema hakiuzwi, unamlinda hata yule mjinga wa kizazi kijacho. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu wa mwaka 1981 uliopitishwa na wakuu wa nchi Nairobi umeweka wajibu wa mtu kwa familia yake na jamii yake, kitu ambacho Azimio la 1948 limekigusa kwa mstari mmoja tu. Mtu ni watu, dada.

Nyamwezi Asilia

Mama yangu mdogo yamemkuta hayahaya ya mleta mada. Alitolewa na godoro na sufuria tatu. Nafuatilia uzi huu hadi mwisho.

Binti wa Muleba

Kaka wa Tarime, asante sana. Hoja ya picha sina jibu, umenifunga. Nimewahi kuhudhuria semina moja mjini nikaombwa nisimulie ya mama "kwa hisia zaidi". Nilikataa.

Lakini kwenye mtu ni watu naomba tukae kidogo. Wanawake waliochambua haki za binadamu nao wanalalamika hivyohivyo kwamba mtu wa Azimio anachorwa kama kiumbe kinachojitegemea, kimesimama chenyewe, kina uhuru wa kusema, kuabudu na kumiliki. Wao wanauliza: huyo mtu asiyemtegemea yeyote, nani anampikia? Nani alimlea hadi akafika hapo? Kwa hiyo wewe na wao mnaona tundu lilelile. Tofauti ni kwamba wewe unaliziba kwa neno ukoo, wao wanauliza ndani ya huo ukoo nani anabeba maji.

Kuhusu ardhi, hebu soma kesi ya kwetu, Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Muleba aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988, akiwa mzee na bila wa kumtunza, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kutaka mauzo yafutwe, akashinda, kwa sababu vitabu vilisema mwanamke hauzi. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema sheria hiyo ya kimila inapingana na haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984.

Sasa angalia alichofanya, maana watu hukinukuu nusu. Kwa mila ileile, mwanamume akiuza shamba la ukoo bila ridhaa, ukoo una nafasi ya kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Kwa mwanamke, mauzo yalikuwa batili tangu mwanzo. Jaji hakuuvunja ukoo. Alisema kanuni ya wanaume iwe ya wote, na yule kijana akaachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa shilingi zilezile 300,000. Ulinzi unaoupenda wewe ulibaki palepale. Kilichoondoka ni dhana kwamba shangazi hawezi kufanya uamuzi.

Na kuhusu Wazungu: mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, kwenye andiko lake la ujamaa vijijini, alisifu familia ya Kiafrika kisha akakiri kasoro mbili, na ya kwanza ilikuwa namna wanawake walivyowekwa nafasi ya chini na kufanya kazi kuliko wanaume. Alikuwa Mzanaki, jirani yako kabisa.

Wakili Shinyanga

Nimesubiri nimalize kazi ndipo niandike. Mleta mada amegusa kidonda changu.

Niwaeleze kinachonitatiza kuhusu haki zenyewe, mimi ninayezitumia kila siku. Zilijengwa zikimtazama mtawala. Mfalme asikukamate ovyo, serikali isikunyang'anye, polisi wasikutese. Ni jambo kubwa na damu imemwagika kulipata. Lakini mteja wangu wa kawaida hajawahi kuonewa na mfalme. Ameonewa na shemeji. Na sheria za kimataifa kwa miaka mingi zilifika kwenye mlango wa nyumba zikasema humu ni faragha, ni familia, tusiingie. Hilo ndilo wanasheria kina Hilary Charlesworth na Christine Chinkin waliliandika mwaka 1991: huo mpaka kati ya hadharani na nyumbani hauko katikati, umewekwa mahali panapomfaa mwanamume. Ilibidi wanawake wadai vifungu vyao. Mkataba wa mwaka 1979 dhidi ya ubaguzi kwa wanawake unaitaka serikali ibadilishe hata mienendo ya kijamii na kitamaduni. Kwenye mkutano wa dunia wa haki za binadamu, Vienna mwaka 1993, ndipo ikatamkwa wazi kwamba haki za wanawake ni sehemu isiyotenganishika ya haki za binadamu. 1993! Miaka 45 baada ya "watu wote".

Sasa wajane wawili wa huku kwetu. Waume walifariki, wakiwa na watoto, shemeji wakateuliwa kusimamia mirathi, wajane wakatolewa kwenye nyumba walizoshiriki kujenga. Wakaenda Mahakama Kuu kupinga lile Tangazo Na. 436. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba vifungu hivyo ni vya kibaguzi, halafu ikakataa kuvibatilisha. Ikasema ukianza na hiki utafungua mlango kwa mila za makabila yote 120, na kwamba wakaanzie halmashauri za wilaya. Wakakata rufaa. Wakasubiri miaka minne. Mwaka 2010 rufaa ikaondolewa kwa kasoro ya kiutaratibu kwenye nyaraka ambazo wao hawakuziandaa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa 1979 ikasema Tanzania imekiuka haki zao, iwalipe fidia na ibadilishe sheria.

Vijana wa sheria wanalisoma shauri hili kama ushindi. Mimi nikilisoma nahesabu miaka. Mume amefariki karibu mwaka 2000, uamuzi 2015. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya kufukuzwa amemaliza shule ya msingi na kuanza sekondari. Uamuzi hauezeki nyumba.

Kaka wa Tarime, nakuunga mkono kwenye mwokozi wa kwenye gari. Ila tafadhali tambua kwamba hawa wajane hawakuletwa na gari. Ni Wasukuma, waliolewa kimila, walijua mila kuliko jaji. Anayewaambia wanafuata mambo ya Wazungu anawaondoa kwenye kabila lao ili kabila libaki linasema sauti moja.

Ukuta wa Likoni

Assalaam aleikum nyote, nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yamekaa kwa namna nyingine kidogo.

Mjane wa Kiislamu hawezi kuambiwa hana fungu. Fungu lake limetajwa kwenye Qur'an: thumuni, yaani moja ya nane, marehemu akiacha watoto, robo kama hakuacha. Binti anapata nusu ya kaka yake. Wenye kupima kwa usawa wa namba watasema ni ubaguzi, na Katiba ya Kenya ya 2010 ililazimika kulishughulikia hilo. Kifungu cha 24 kinaruhusu masharti ya usawa yalegezwe kwa kiasi kinachohitajika ili Mahakama za Kadhi zitumie sheria ya Kiislamu kwa Waislamu kwenye ndoa, talaka na mirathi. Lakini niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Wapo ndugu wanaomnyima mama hata hiyo thumuni, kwa jina la desturi za kwao. Aliyemkomboa jirani yangu hakuwa na karatasi ya Umoja wa Mataifa, alikwenda kwa Kadhi akiwa na aya. Abdullahi An-Na'im, mwanasheria wa Sudan, ameshika msimamo huu miaka mingi: haki isiyo na mizizi kwenye imani na utamaduni wa watu haitashika, na mizizi hiyo hutafutwa na wenyewe kwa kusoma upya na kujadiliana. Sikubaliani naye kwa kila jambo, ila hapo yuko sawa.

Lililonikosesha usingizi ni jingine. Mwaka 2017 daktari mmoja wa Kenya, mwanamke, Tatu Kamau, alikwenda mahakamani Machakos kupinga sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji. Hakuja na hoja ya ukoo. Alisema mwanamke mtu mzima ana haki ya kuuamulia mwili wake na kushiriki utamaduni wake. Yaani uhuru wa mtu binafsi, mtoto wa damu wa Azimio, ukaletwa kuilinda mila. Machi 2021 majaji watatu wakakataa. Waliona kwamba ridhaa inayotolewa chini ya shinikizo la jamii si ya kutegemea, na madhara ni makubwa. Wakaenda mbali zaidi, wakataka sheria iguse hata aina za ukeketaji iliyokuwa imeziacha nje.

Naiunga mkono hukumu. Hata hivyo nasema kwa uzito: tukishakubali kwamba mwanamke wa kijijini akisema ndiyo huenda hasemi yeye, tuwe waangalifu sana, kwa sababu wakoloni nao walitusemea kwa hoja ya namna hiyo. Chandra Mohanty, msomi mwanamke wa India, aliwaonya wenzake wa Magharibi tangu miaka ya 1980 kuhusu kumchora mwanamke wa dunia ya tatu kama mhanga mmoja asiye na akili yake. Onyo lile linatuhusu na sisi tuliosoma.

Mzawa wa Tarime

Wakili, ule mstari wako kuhusu kabila libaki linasema sauti moja nimeusoma mara tatu. Nakubali. Na nikiri jingine: nyumba ntobhu niliyoisifu ninaijua kwa upande wa mwenye ng'ombe. Yule binti anayeolewa, mara nyingi ni wa familia maskini, anachaguliwa mwanamume wa kuzaa naye, na watoto si wake kwa jina. Nimekua naye mmoja. Sikuwahi kumuuliza.

Nashikilia la ardhi na nashikilia la kamera.

Wakili Shinyanga

Kaka, shikilia. Kwa ardhi ya kijiji sheria ya mwaka 1999 kifungu cha 20 imejaribu kufanya kama alivyofanya Mwalusanya: mila inaendelea kutumika, ila kanuni yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali ni batili. Na Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia 2007, ina kifungu cha 17 ambacho watu hawakisemi: mwanamke ana haki ya kuishi katika utamaduni ulio mwema kwake, na kushiriki katika ngazi zote kuamua sera za utamaduni. Kushiriki kuamua. Sylvia Tamale, mwanasheria wa Makerere, ametetea njia hiyo: tusikubali kwamba utamaduni uko upande mmoja na haki upande mwingine, maana ukiutoa utamaduni umemwachia mzee wa baraza peke yake.

Mleta mada, kikao kiliishaje?

Binti wa Muleba

Kiliitishwa cha pili, miezi minne baadaye. Mama safari hii alikataa kuwa jikoni. Alikodi mpishi, kwa pesa yake ya kahawa, akaja kukaa kwenye mkeka sebuleni.

Tukamwomba shangazi yake baba aje. Ana miaka 84, kaolewa mbali, hakuna aliyekuwa amemwita siku zote hizo. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akawauliza wazee kama wanakumbuka ile migomba ya chini, kuelekea kisimani, ilikuwa ya nani. Wakasema ya ukoo. Akasema hapana, baba yake alimpa yeye, mbele ya mashahidi, alipoachika mara ya kwanza. Alikaa pale miaka 6 akauza ndizi, na alipoolewa tena ndipo akaiacha kwa kaka yake, yaani babu yangu, kwa hiari yake. Akataja mashahidi mmoja mmoja. Wote marehemu. Baba mdogo akanyamaza kwa muda, kisha akasema kweli, alisikia hivyo akiwa mtoto.

Hiyo nayo ilikuwa mila. Kwenye vifungu vya namba haimo.

Muhtasari umeandikwa jina la mama kama msimamizi wa kibanja, na mimi na wadogo zangu wote tumetajwa bila kujali nani ni wa kiume. Suala la kuuza wazee wameligomea, na kusema kweli mama naye hataki kuuza. Anachotaka ni kwamba akisema hauzi, iwe ni yeye aliyesema.

Jumamosi wanakaa tena kwa ajili ya mipaka. Nimemwomba binamu yangu amrekodi shangazi kabla ya hapo, aeleze yote anayoyakumbuka kuhusu nani alipewa nini, kwa Kihaya, bila kukatizwa. Nitaleta mrejesho.